Paul de Vivie, Mwalimu wa Wapanda Baiskeli

Askari aliyepata kushika zamu alfajiri mahali ambapo barabara ya Bugarama inateremka kuingia Bujumbura hana haja ya kuelezwa kazi ya baiskeli. Kwa miaka mingi zimeonekana hapo zikishuka moja baada ya nyingine, zimebeba mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, na wenyewe wameinama, macho hayabanduki barabarani. Baadaye watu wale wale huonekana wakirudi milimani wamejishika nyuma ya malori, kwa kuwa safari ya kupanda ni nzito mno kwa miguu ya binadamu. Kutoka ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, penye kimo cha mita zipatazo 775, barabara hiyo hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 katika mwendo usiofika kilomita 40. Wako waliopoteza maisha yao kwa kujishika hivyo, na polisi wetu ndio wanaoitwa kuwaokota.

Mlima huo ndio unaotufanya leo tumkumbuke mtu aliyeishi mbali na Burundi, lakini aliyetumia karibu nusu karne kutafuta jibu la swali ambalo vijana wa Bugarama hukutana nalo kila siku. Swali lenyewe ni hili: mtu wa kawaida, mwenye nguvu za kawaida, apandeje mlima kwa baiskeli yake pasipo kuvunjika mgongo wala moyo? Mtu huyo aliitwa Paul de Vivie. Wapanda baiskeli wa dunia wamjua zaidi kwa jina lake la kalamu, Vélocio.

Alizaliwa tarehe 29 Aprili 1853 huko Pernes, kusini mwa Ufaransa. Alipokuwa mtu mzima aliingia katika biashara ya hariri, akafanya makao yake katika mji wa Saint-Étienne. Mji huo una habari inayowahusu wasomaji wetu wa jeshini. Hapo ndipo palipokuwa na kiwanda cha silaha cha serikali ya Ufaransa, mojawapo ya viwanda vilivyotengeneza bunduki ya Lebel ya mwaka 1886, na baadaye sana bunduki ya FAMAS, ambayo herufi za mwisho za jina lake zinautaja mji huo. Mafundi waliozoea kutoboa mitutu ya bunduki hawakuona shida kuunda mabomba ya fremu za baiskeli. Ikawa kiwanda kingine kikubwa cha mji huo huo kikauza bunduki za kuwindia na baiskeli chini ya paa moja. Baiskeli zake ziliitwa Hirondelle, yaani mbayuwayu, na polisi wa Ufaransa waliokuwa wakifanya doria kwa baiskeli nao wakapewa na watu jina la ndege huyo.

De Vivie alinunua baiskeli yake ya kwanza mwaka 1881, akiwa na umri wa miaka 28. Wakati huo baiskeli ilikuwa na gurudumu kubwa sana mbele na dogo nyuma, na aliyeanguka alianguka kutoka juu kama aliyetupwa na farasi. Hata hivyo mfanyabiashara huyu wa hariri alinaswa. Mara kwa mara alikwenda Coventry, Uingereza, uliokuwa mji mkuu wa ufundi wa baiskeli, na huko akaona jinsi chombo hicho kilivyokuwa kikibadilika: magurudumu mawili yaliyo sawa, na mnyororo unaopeleka nguvu za miguu kwenye gurudumu la nyuma. Mwaka 1887 alichukua uamuzi ambao bila shaka wengi waliuona ni wa kichaa. Aliiuza biashara yake ya hariri, akafungua duka la baiskeli, na papo hapo akaanzisha gazeti la wapanda baiskeli, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Le Cycliste. Mwaka 1889 alitoa baiskeli yake mwenyewe, akaiita La Gauloise.

Nje kidogo ya Saint-Étienne, upande wa kusini, kuna kilima kiitwacho Col de la République, chenye kimo cha mita 1,161. Hicho ndicho kilichokuwa Bugarama yake. Husimuliwa kwamba siku moja alipokuwa akikipanda kwa jasho na kuhema, mmoja wa wasomaji wa gazeti lake alimpita akiwa na kiko mdomoni. Mtu mwingine angekasirika. Yeye alirudi nyumbani akaanza kufikiri. Aliona kwamba baiskeli yenye kipimo kimoja tu cha mwendo huwa ama nyepesi kilimani na ya kuchosha tambarare, ama nzuri tambarare na adui wa mtu kilimani. Haifai kumlaumu mpandaji kwa kosa la chombo.

Tuieleze hesabu yake kwa ufupi. Ikiwa gurudumu la meno lililo kwenye pedali lina meno 48 na lile la nyuma lina 16, kila mzunguko mmoja wa miguu huzungusha gurudumu la nyuma mara 3, na baiskeli ya kawaida husogea zaidi ya mita 6. Ukiuhamisha mnyororo ukauweka kwenye meno 24 nyuma, gurudumu litazunguka mara 2 tu, na baiskeli itasogea kiasi cha mita 4. Mwendo umepungua, lakini na mzigo wa mguu umepungua vilevile. Ni sawa na askari aliyebeba shanta anayefupisha hatua zake anapoanza kupanda. Hakuna anayemwita mvivu, tunamwita mzoefu.

Mwanzoni mpandaji alilazimika kushuka na kuuhamisha mnyororo kwa mkono. De Vivie hakuridhika. Mwaka hadi mwaka alijaribu vyombo vya kila namna, vya mafundi wa Uingereza na vya mafundi wa mji wake, hadi ikawezekana kuusukuma mnyororo kutoka meno haya hadi yale bila kushuka. Alijaribu kila kitu kwa miguu yake mwenyewe, katika safari ndefu za usiku na mchana kuelekea milima ya Alps na nchi ya Provence. Alitetea matairi mapana kwa barabara mbovu, akisema kwamba mpira mwembamba humchosha mtu kwa mitikisiko. Aliwafunza watu kula kabla ya kuishiwa, kunywa kabla ya kukauka koo, kupumzika kwa muda mfupi, na zaidi ya yote kutopiga pedali kwa ajili ya kujionyesha. Yeye mwenyewe aliacha nyama na tumbaku, na hata alipozeeka aliendelea na safari ambazo vijana waliziogopa.

Lakini walikuwapo waliomdhihaki. Mashujaa wa mashindano na wakubwa wao waliona gia ni fedheha, chombo cha wanawake na wazee. Mwaka 1902 chama cha watalii cha Ufaransa, Touring Club de France, kilifanya majaribio katika milima ya Pyrenees, kwenye mlima wa Tourmalet. Mwanamke mmoja, Marthe Hesse, alipanda kwa Gauloise yenye gia 3, akamshinda mpandaji hodari Édouard Fischer aliyekuwa na gia moja. Mtu angedhani ubishi umekwisha. La, haukwisha. Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano ya Tour de France, aliendelea kushikilia kwamba ushindi unapaswa kuwa wa misuli wala si wa mitambo. Mashindano hayo yalianza mwaka 1903, na kwa zaidi ya miaka 30 washindani walikuwa wakisimama chini ya mlima, wakilifungua gurudumu la nyuma na kuligeuza upande wa pili, ili wapate gia nyingine. Waliteseka kwa kuilinda heshima ambayo haikumsaidia mtu.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha habari hii. De Vivie hakuupinga ubishi huo kwa matusi, wala hakujitenga na kundi lake akatafute fedha kwa matajiri wa mashindano. Alibaki na watu wake. Gazeti lake lilikuwa baraza: msomaji wa kijiji cha mbali aliandika safari yake, akataja idadi ya meno ya baiskeli yake, kilima alichokipanda na mahali aliposhindwa, naye akachapisha, pamoja na majibu ya wanaopinga. Alichogundua hakukificha dukani mwake. Alikieleza kwa kila atakaye kuiga. Vijana na wazee walimzunguka wakafanya shule isiyo na madarasa, iliyokuja kuitwa shule ya Saint-Étienne. Darasa lake lilikuwa barabarani, na mtihani wake ulikuwa mlima.

Katika shule hiyo haikuulizwa nani amefika wa kwanza, bali kama kila mmoja ameweza kufika na kurudi akiwa na hamu ya kutoka tena. Hilo, ndugu askari, si jambo geni kwenu. Kombania haipimwi kwa mwendo wa mtu wake mwepesi kuliko wote. Doria iliyomwacha mmoja njiani haijafika, hata kama waliobaki wamefika mapema. Majeshi nayo yalikwisha tambua kwamba baiskeli hutenda makuu inapokuwa mikononi mwa watu walioshikamana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, vikosi vya Katanga, jirani zetu, vilikuwa na kombania ya baiskeli. Na mwaka 1954, huko Dien Bien Phu, maelfu ya Wavietnam walisukuma baiskeli zenye mizigo ambayo mara nyingi ilizidi kilo 200 kwa kila moja, wakalisha jeshi lililolishinda jeshi la Ufaransa. Aliyeziona baiskeli za ndizi za Bugarama hatastaajabia habari hiyo.

Uaminifu wa Vélocio kwa watu wake ulirudishiwa uaminifu. Mwaka 1922, yeye akiwa hai bado, wapanda baiskeli walianzisha siku ya kumheshimu kwa kupanda pamoja Col de la République, kilima kile kile kilichomtoa jasho. Walipanda wazee na watoto, wanaume na wanawake, kila mmoja kwa mwendo wake. Hakuwa amepata utajiri katika kazi hiyo. Aliyeacha hariri kwa ajili ya mnyororo na mafuta hakuufuata utajiri. Mali yake ilikuwa kundi lile lililompungia mikono barabarani.

Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 76, aligongwa na tramu katika barabara za mji wake wa Saint-Étienne, akafariki dunia. Mtu aliyepita usiku katika mabonde ya Alps alikutwa na mauti mjini, karibu na nyumbani. Gazeti lake liliendelea baada yake. Mwaka 1937, miaka 7 baada ya kifo chake, Tour de France iliruhusu washindani watumie chombo cha kuhamisha mnyororo. Tangu hapo hakuna tena bingwa aliyeona haya kukitumia. Na tangu mwaka 1947 yapo matembezi ya Pasaka yenye jina lake, ambapo makundi madogo husafiri kwa saa 24 kuelekea Provence. Kanuni yake yatupendeza: kundi ni la baiskeli 3 hadi 5, na lisipofikisha angalau 3 safari yake haihesabiwi. Anayekimbia peke yake hapati kitu.

Sasa turudi chini ya mlima wetu. Gia haiondoi umaskini, wala haifupishi barabara ya Bugarama hata mita moja. Lakini baiskeli inayorudi milimani huwa haina mzigo, na kijana mwenye meno madogo mbele na makubwa nyuma anaweza kuupanda mlima polepole, akishuka na kusukuma pale panapozidi, bila kuukabidhi uhai wake kwa lori asilomjua dereva wake. Mafundi wetu mjini wana mikono ya kuifanya kazi hiyo. Kinachobaki ni vipuri, fedha kidogo, na kuiondoa ile fikira ya zamani kwamba kupunguza mwendo ni aibu.

Nanyi mnaosimama barabarani mkiwa na sare mnaweza kuwa wa kwanza kulisema neno hilo. Mara nyingine kijana aliyejishika nyuma ya lori husikia filimbi tu. Huenda angesikiliza pia shauri la mtu anayejua mlima ni nini. Vélocio aliusoma mlima wake kwa miaka mingi, na alipokwisha kuuelewa hakuupanda peke yake. Aligeuka nyuma, akawaonyesha njia waliokuwa bado wanahema.