Mwenda Jean Bosco: Gitaa moja, watu wakadhani ni mawili

Ukisikiliza "Masanga", ule uliorekodiwa kwa gitaa moja, unaweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili. Wala! Ni mtu mmoja, gitaa kavu lisilo na umeme, na vidole viwili vya mkono wa kulia.

Jamaa huyo ni Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, kusini mwa Kongo. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya Wayeke, ambao mfalme wao Msiri alitokea Unyamwezi, Tanzania ya leo, karne ya 19. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha huko kwao, kama kinavyozungumzwa mtaani.

Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikutana naye Jadotville, mji wa madini ambao sasa unaitwa Likasi. Akamrekodi. Santuri zikatoka kwa nembo ya Gallotone, na "Masanga" ukavuma kuliko nyimbo zake zote.

Siri yake ilikuwa nini? Kidole gumba kilitembeza besi, cha shahada kikapiga melodi juu yake. Kila kimoja na mwendo wake, na hakuna kinachomkimbiza mwenzake. Akiimba, sauti ni ya chini, kama mtu anayepiga stori kibarazani jioni. Muziki wa namna hii haukulazimishi kucheza. Unakuvuta usogee karibu usikie vizuri.

Santuri zilifika Afrika Mashariki, na Bosco mwenyewe akaishi Nairobi kwa muda. Ndugu yake, Edouard Masengo, naye alipiga gitaa huko. Vijana wa Kenya wakaanza kuiga mtindo huo wa vidole, na athari yake inasikika kwenye nyimbo nyingi za gitaa za miaka ya 1950 na 1960.

Pamoja na jina lote hilo, Bosco hakutegemea gitaa peke yake. Kwa miaka mingi alifanya pia kazi ya ofisini.

Mwaka 1969 alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport Folk Festival, Marekani. Ila wakati wageni wakimshangilia, nyumbani upepo ulishageuka. Bendi za rumba zenye magitaa ya umeme, kama ya Franco, ndizo zilizojaza kumbi. Gitaa kavu likaanza kuonekana la kizamani.

Bosco hakuuacha mtindo wake. Miaka ya 1980 alipiga Ulaya, bado kwa vidole vilevile viwili. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990.

Leo wapiga gitaa wa nchi mbalimbali bado wanahangaika kujifunza "Masanga", na wengi hukwama palepale: gumba linakataa kutulia. Ukiutafuta kwenye simu yako, vaa earphone na ufuate besi tu kwanza. Kisha rudia, safari hii ufuate melodi. Hapo ndipo utaelewa kwa nini watu walihesabu wapigaji wawili.