Tshombe: Buda Aliyeanzisha Nchi na Ganji Yake, Zikabaki Sarafu Tu

Ukiwa kwa mathree ya Kitengela na konda akurudishie chenji, hauulizi kama Kenya ipo. Unatia sarafu mfukoni, story imeisha. Lakini kuna watu walishika sarafu mpya kabisa za nchi ambayo hakuna serikali hata moja duniani iliitambua. Hiyo nchi iliitwa Katanga, na boss wake alikuwa Moïse Tshombe.

Tshombe alizaliwa 1919, Musumba, kusini mwa Kongo. Mzee wake alikuwa tajiri, ana maduka kibao. Kijana akasoma kwa wamishonari wa Kimethodisti, akasomea uhasibu, akarithi biashara, na biashara zikamfia mkononi. Akahamia siasa, akaongoza chama cha CONAKAT.

Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, 11 Julai, Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Mbona haraka hivyo? Shaba, msee. Imagine Kajiado iamke kesho iseme magadi yote ya Magadi ni yake pekee, Nairobi isiguse ata shilingi. Sasa zidisha mara nyingi sana. Kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière ndiyo ilichimba shaba huko, na ushuru wake ukaanza kuingia kwa Tshombe badala ya Léopoldville, siku hizi Kinshasa.

Nchi ni doo yake, so akaitengeneza. Noti za 1960 zilikuwa na sura yake mwenyewe. Za chuma zikafuata 1961: faranga 1 na faranga 5 za bronzi, plus faranga 5 za dhahabu. Zina mkungu wa ndizi na msalaba wa Katanga. Huo msalaba si wa kanisa. Kitambo kabla ya wazungu, watu wa huko waliyeyusha shaba wakaimwaga kwa umbo hilo, na ilikuwa pesa. Pia mahari ililipwa nayo.

Lakini cheki huo mwaka, 1961. Tarehe 17 Januari, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliletwa Élisabethville, leo Lubumbashi, akiwa amefungwa. Usiku huo huo akapigwa risasi pamoja na Mpolo na Okito, na askari wa Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakiwa hapo. Mwili ukayeyushwa kwa asidi. Familia ilirudishiwa jino tu, 2022. Hilo doa Tshombe hakuwahi kulitoa.

Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yakafunga hiyo story. Nchi haikumaliza ata miaka mitatu.

Buda akatorokea Uhispania. Na hapa ndio utashangaa: 1964 akaitwa arudi, akafanywa waziri mkuu wa Kongo ile ile aliyotaka kuigawa! 1965 akafutwa, Mobutu akapindua serikali, Tshombe akahepa tena. 1967 akahukumiwa kifo akiwa hayupo, na mwaka huo huo ndege aliyopanda ikatekwa na kupelekwa Algeria. Alifia huko kizuizini, Juni 1969. Wakasema ni moyo. Alizikwa Ubelgiji.

Leo wakusanyaji wa sarafu adimu wanazitafuta hizo za Katanga, sana sana ya dhahabu. Na kama kuna mtu anakuuzia hiyo, usikimbilie rangi. Bronzi inaweza kupakwa ing'ae. Weka kwa mizani: kwa saizi ile ile, dhahabu ni karibu mara mbili ya uzito wa bronzi. Na usiisugue na kitu chochote, unaiharibia bei.

Lakini ukiishika, jua ilitoka mwaka gani. Kutengeneza pesa ni rahisi kuliko kutengeneza nchi. Tshombe aliweza ya kwanza, ya pili ikamshinda, na waliolipa chenji ni wengine.