Apolo wa Boga, Askari na Msomaji



Mwaka huu sisi wa darasa la sita tunatoka. Hapa Masisi, na kwa wenzetu kule Walikale, kijana akimaliza masomo anaulizwa swali moja: utashika kitabu ao utashika bunduki? Wengine wanasema mtu akiingia jeshini, mambo ya Mungu yameisha. Wengine wanasema eti masomo ya dini ni ya waoga. Tumeona vema tukumbuke maisha ya Apolo Kivebulaya, sababu yeye alizijua njia zote mbili.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana jina lake la kwanza lilikuwa Waswa. Katika ujana alijifunza kwanza dini ya Kiislamu, kisha akasikia mafundisho ya Mackay, mmisionari kutoka Uskoti. Wakati ule kwa Waganda Mkristo aliitwa msomaji, maana kusoma na kuamini vilikuwa neno moja tu. Lakini mwaka 1888 vita vya dini vikaanza, na wasomaji wakashika bunduki. Waswa naye akawa askari. Baadaye alikwenda na jeshi la Waingereza mpaka Toro, karibu na milima ya Ruwenzori.

Tuseme kweli: vita vile havikuwa vitakatifu. Mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wenyewe kwa wenyewe. Kumbe lile neno la Injili halikufa ndani ya askari huyu. Mwaka 1895 alibatizwa, akaitwa Apolo, na mara akatumwa Toro kama mwalimu.

Mwisho wa mwaka 1896 alivuka bonde la Semliki, akafika Boga, ambayo leo ni ya Ituri. Walimu waliomtangulia walirudi sababu ya njaa, watu waliwanyima chakula. Apolo alikwenda na jembe, bunduki hapana. Alilima mwenyewe, akafundisha watu kusoma. Mambo hayakuwa mchezo. Alipigwa. Mwaka 1898 dada ya mwami Tabaro aliangukia mkuki akafa, na Apolo akasingiziwa, akafungwa gerezani kule Toro. Wakati wa mateso hayo alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo. Alipofunguliwa alirudi kwa watu wale wale, kama askari asiyeacha zamu yake. Mwisho Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Mwaka 1903 Apolo akawa kasisi. Tangu mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, msitu mzito kama huu wa Walikale. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, sababu kazi ilikuwa bado.

Basi, sisi hatumkatazi ndugu anayetaka kutumikia nchi kama askari. Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari waache kazi yao, aliwakataza kunyang'anya watu. Lakini anayekwenda asiache Biblia nyumbani, na kila asubuhi ajiulize: bunduki hii inamlinda nani? Ikiwa inachukua muhogo wa mama mjane, huo si utumishi. Na anayebaki na kitabu asijidhani mwoga. Apolo alihitaji moyo wa askari zaidi siku ile alipobeba jembe.