Lenzi ya studio iliyofichua siri za anga

Edward Emerson Barnard alizaliwa Desemba 16, 1857 mjini Nashville, Marekani, babake akiwa tayari amefariki. Kutokana na ufukara wa mamake, alisoma shuleni kwa takriban miezi miwili pekee. Akiwa na umri wa miaka tisa hivi aliajiriwa katika studio ya picha, ambako alikabidhiwa mtambo mkubwa wa kukuzia picha uliotegemea mwanga wa jua. Wajibu wake ulikuwa kuusogeza kidogo kidogo kutwa nzima ili usiliache jua. Hakuna chuo ambacho kingemwandaa vyema zaidi.

Mnamo 1877 alinunua darubini kwa dola 380, karibu theluthi mbili za mshahara wake wa mwaka. Baadaye alivumbua nyota kadhaa zenye mkia, na tuzo ya dola 200 kwa kila moja ikamsaidia kulipia nyumba yake.

Mnamo 1888 alijiunga na kituo cha Lick, juu ya Mlima Hamilton, California, kilichokuwa na darubini ya lenzi kubwa kuliko zote duniani. Hata hivyo, darubini hiyo ilionyesha kipande kidogo tu cha anga. Barnard alitumia lenzi kuukuu ya inchi sita, iliyotengenezewa kupiga picha za nyuso za watu, akaifunga kwenye kisanduku cha mbao juu ya darubini ndogo. Kwa kuwa dunia huzunguka, alilazimika kuikodolea macho nyota moja kwa saa kadhaa, akiisogeza darubini kwa mkono isije picha ikaharibika. Ndivyo alivyozinasa, mnamo 1889, picha za Njia Nyeupe zilizowastaajabisha wataalamu.

Oktoba 1892 lenzi iyo hiyo ilinasa nyota yenye mkia, ya kwanza kuvumbuliwa kwa picha.

Lililomsumbua zaidi ni mabaka meusi yaliyoonekana katikati ya nyota. Kwa miaka mingi aliyadhania kuwa matundu matupu, na si ajabu, kwani ndivyo yanavyoonekana. Pole pole alikubali kwamba mengi ni mawingu yanayoziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake, na mnamo 1919 akachapisha orodha ya mabaka 182.

Alifariki Februari 6, 1923. Kitabu chake cha picha za Njia Nyeupe, ambacho alikagua mwenyewe maelfu ya nakala zake moja baada ya nyingine, kilikamilishwa na wenzake na kutolewa mnamo 1927.