Sayyid Barghash na Maji ya Chemchem



Siku hizi tukitaja teknolojia ya kijani, fikra zetu hukimbilia paneli za sola na pikipiki za umeme. Mimi nimechagua kuwasimulia maisha ya mtawala aliyefariki mwaka 1888, kwa sababu swali alilolijibu yeye ndilo letu leo: kitu kinachojiendesha bila kuni wala mafuta, na faida yake ni ya watu wote, nani atoe fedha za kukianzisha?

Sayyid Barghash bin Said alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, na mama yake alikuwa Mhabeshi. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, Barghash akiwa naye safarini. Kijana huyo alikitaka kiti, lakini kikaenda kwa ndugu yake Majid. Mwaka 1859 aliasi. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa miaka kama miwili. Wakati huo huo Bombay ilikuwa ikimaliza kazi ya kuleta maji ya bomba mjini kutoka bwawa la Vihar, iliyokamilika mwaka 1860.

Alitawala Zanzibar tangu Oktoba 1870, baada ya kipindupindu kuua maelfu ya watu. Mji ulikuwa ukinywa maji ya visima. Aprili 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli bandarini. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Tusifiche: utajiri wa karafuu ulitoka katika jasho la watumwa, na hazina ya Sultani haikuwa safi na jambo hilo.

Kwa fedha za hazina hiyo, ambayo tegemeo lake kubwa lilikuwa ushuru wa forodha, alifanya mambo mengi. Alinunua meli za mvuke, akaleta mtambo wa kuchapia vitabu vya dini, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Lakini mimi naona kazi yake kubwa ni ile ya maji. Alijenga mfereji kutoka Chemchem, nje ya mji, maji safi yakafika mjini, na wananchi wakayateka bila malipo.

Linganisheni meli na mfereji. Meli ilikula makaa ya mawe kila safari. Mfereji ulikula fedha nyingi wakati wa kuujenga, kisha mteremko wa ardhi ukafanya kazi usiku na mchana bila kudai mshahara, ukabaki kuhitaji matengenezo tu. Huo ndio uchumi wa teknolojia ya kijani. Gharama kubwa iko mlangoni, na ukishaingia ndani, gharama ni ndogo.

Hapa Mbuya ninapoishi, tofauti hiyo naiona kila wiki. Maji ya Kampala husukumwa kwa pampu kutoka Ziwa Viktoria, na kilima chetu ni kirefu. Bomba likikauka, mwenye nyumba aliyejenga tangi la kuvuna maji ya mvua halipi kitu. Sisi wapangaji tunanunua jerikeni moja moja, na mkaa kopo kwa kopo. Mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi, kwa kuwa hana mtaji wa kulipa mara moja.

Waislamu tunalo jibu la zamani. Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina, akakifanya wakfu, watu wakanywa bure. Alichofanya Barghash Unguja kinafanana na njia hiyo: anayeweza abebe gharama ya mwanzo, na faida igawanywe kwa wote.

Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kilitegemea mkono wa mtu mmoja. Wajerumani walipokuja na manowari mwaka 1885, na mwaka 1886 mataifa ya Ulaya yakamwachia ukanda mwembamba tu wa pwani ya bara, mkono huo ulipungua nguvu. Aliugua, akaenda Oman kutafuta nafuu, akarejea na kufariki Machi 1888.

Miongoni mwetu hakuna sultani. Lakini wanafunzi mia wakichanga kidogo kidogo kila muhula, wanaweza kuweka tangi la mvua au sola kwenye msikiti, likawa wakfu lenye kamati na mfuko wa matengenezo, lisilokufa mtu mmoja akimaliza masomo au akiaga dunia. Wanaosoma uhandisi wapime paa, wanaosoma uhasibu washike daftari.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyid Barghash, amsamehe makosa yake, na atujaalie sadaka yenye kuendelea. Amin.