Ferdinand Georg Waldmüller
Ferdinand Georg Waldmüller (Vienna, 15 Januari 1793 – Hinterbrühl, 23 Agosti 1865) alikuwa mchoraji maarufu wa Austria katika karne ya 19.

Alisoma katika Akademia ya Sanaa ya Vienna, kisha akajiendeleza kwa kunakili kazi za wachoraji wa kale. Mwaka 1823 alichora picha ya mwanamuziki Ludwig van Beethoven. Tangu mwaka 1829 alikuwa profesa katika akademia hiyohiyo.

Hata hivyo, alikuja kupinga ufundishaji wa kunakili. Alidai kwamba mwanafunzi anapaswa kuchora kwa kutazama watu na vitu halisi katika mwanga wa jua. Maandishi yake yaliwaudhi wakuu wa akademia, na mwaka 1857 alilazimishwa kustaafu kwa malipo pungufu.

Mwaka huohuo alichora picha ya asubuhi ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo Wakatoliki huadhimisha siku ya Alhamisi, takriban miezi miwili baada ya Pasaka. Inaonyesha watoto wa kijijini waliovaa nguo za sikukuu, wakijiandaa kwa maandamano huku jua la asubuhi likiwaangaza. Hivyo picha yenyewe ilionyesha kile alichokuwa akikitetea darasani.

Miaka michache baadaye Kaisari Franz Joseph I alimrudishia heshima yake. Leo picha hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Belvedere, mjini Vienna.