Seebeck: Jamaa aliyegundua stima ya joto, akakataa kuwa ni stima

Chombo cha Voyager 1 kilirushwa angani na Wamarekani 1977. Kiko mbali sana, mahali ambapo jua linaonekana kama nyota tu, na paneli za sola huko ni bure kabisa. Sasa stima kinatoa wapi? Kwenye ugunduzi wa jamaa aliyefariki 1831, na ambaye hata hakuelewa alichokigundua.

Thomas Johann Seebeck alizaliwa 1770 mjini Reval, ambao leo unaitwa Tallinn, nchini Estonia. Babake alikuwa mfanyabiashara tajiri. Kijana akasomea udaktari Ujerumani, akahitimu Göttingen 1802. Lakini kutibu watu hakukumvutia. Pesa za familia zilikuwepo, kwa hivyo akaachana na wagonjwa, akaenda Jena na kujitosa kwenye fizikia. Huko alijuana na Goethe, yule mshairi maarufu, wakawa wanachunguza mambo ya mwanga na rangi. Baadaye akahamia Berlin.

Ni huko Berlin, 1821, mambo yalipotokea. Seebeck aliunganisha vipande viwili vya metali tofauti, shaba na bismathi, vikafanya duara. Akapasha moto kiungo kimoja, kile kingine akakiacha baridi. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Hakukuwa na betri wala kitu kinachozunguka, ni joto tu.

Seebeck akasema joto limeifanya metali kuwa sumaku. Hans Christian Ørsted wa Denmark, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameonyesha kwamba stima husogeza sindano ya dira, aliona mambo tofauti: joto limezalisha stima, na stima ndiyo iliyosukuma sindano. Ørsted ndiye aliyekuwa sahihi, lakini Seebeck alikataa katakata. Akashikilia sumaku yake, hata akataka kuitumia kueleza usumaku wa dunia nzima.

Kosa lake halikufuta alichokiona. Voyager 1 ilibeba plutoniamu-238, ambayo hutoa joto yenyewe inapovunjika. Upande mmoja moto, upande mwingine baridi ya anga, na katikati vipande vinavyofanya kile kile Seebeck alichokiona. Wakati wa kurushwa, mitambo yake mitatu ilitoa takriban wati 470.

Ukweli usemwe, inapoteza sana. Roboti ya Perseverance, iliyoko Mars, ina joto la wati 2,000 hivi, kama birika la umeme. Stima inayopatikana ni wati 110 pekee, kama asilimia 5 na nusu. Shida ni kwamba joto jingi hupenya tu hadi upande wa baridi bila kugeuzwa. Lakini mtambo hauna hata kitu kimoja kinachozunguka, kwa hivyo hakuna cha kusagika, na huko hakuna fundi wa kuitwa.

Plutoniamu hiyo hupungua hadi nusu kwa miaka 88 hivi, na Voyager hupoteza takriban wati 4 kila mwaka. Wahandisi wamekuwa wakizima kifaa kimoja baada ya kingine, kama wewe unavyozima taa token zikikaribia kuisha. Zaidi ya miaka 40 tangu kirushwe, chombo kilikuwa bado kinaongea na nyumbani, kwa ile stima ambayo Seebeck aliiita sumaku.